Kwa Nini Mwana wa Waiswa Asiitwe Waiswa

Imeenea siku hizi, tangu Jinja hata Mbale, rai inayosikika katika ofisi za vyeti, katika mikutano ya wazazi shuleni, na zaidi katika simu za jamaa zetu wakaao Uingereza na Marekani, ya kwamba sisi watu wa Busoga na Bugisu hatuna majina kamili. Kwa insafu yanipasa kuieleza rai hiyo kama wenyewe wanavyoieleza. Wanasema kwamba Mwingereza azaliwapo hupokea jina la baba yake, ambalo baba alilipokea kwa babu, na babu kwa aliyemtangulia, hata msomaji wa tawarikhi aweza kulifuata jina lile nyuma mpaka awafikie mashujaa waliovuka bahari pamoja na William wa Normandy mwaka 1066. Kwamba kwa sababu hiyo nasaba ya Mwingereza ni dhahiri, mirathi yake haina utata, na serikali yake humjua kila raia ni mwana wa nani. Kwetu, wanasema, ndugu watatu wa baba mmoja na mama mmoja huitwa majina matatu yasiyofanana, hata karani asiyewajua hudhani kuwa ni wapita njia waliokutana mlangoni pake. Basi wanashauri kila baba achague jina moja, lake au la babu yake, alifanye la nyumba nzima, na mkewe na wanawe na wajukuu walichukue daima. Na kufanya hivyo wanakuita kwenda na ustaarabu.

Wenye kusema hivyo si wapumbavu, wala hawadharau kwao. Wengi wao wamekwisha kusumbuliwa katika balozi na viwanja vya ndege, wakaulizwa mbele ya watoto wao kama watoto wale ni wao, na uchungu wa swali lile naufahamu. Lakini dawa waliyoichagua imejengwa juu ya tarehe isiyo ya kweli, na gharama yake hawajaihesabu. Mimi nakaa Wanyange, katika kilima kitazamacho ziwa, mwendo mfupi kutoka Jinja, na kwa hiyo sina haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Ng'ambo ya Mto Naili, upande wa Njeru, umesimama mnara wa John Hanning Speke, Mwingereza aliyefika penye maporomoko tarehe 28 Julai 1862. Na jina lake hilo la Speke ni katika majina ya Kiingereza yenye asili ya Kinormani, majina yale yale ambayo ndugu zetu wanayatolea mfano. Ikiwa jina la namna hii lina fadhila linazodaiwa, na tuzitafute humo. Nitaliita jina la kurithi, wala si jina la ukoo kama wengi waliitavyo, kwa kuwa kwetu ukoo ni kitu kingine, kikubwa zaidi, nacho nitakieleza mahali pake.

Hoja ya kwanza: ukale

Wanadai kwamba jina la kurithi ni desturi ya tangu na tangu katika mataifa yaliyostaarabika. Dai hili si kweli hata kwa Waingereza wenyewe. Mfalme wao Harold, aliyeuawa Hastings tarehe 14 Oktoba 1066, alijulikana kuwa Harold mwana wa Godwin, na baba yake alijulikana kuwa Godwin mwana wa Wulfnoth, wala hapakuwa na jina moja lililowafunga watu watatu hao pamoja, ijapokuwa nyumba yao ilikuwa na nguvu kuliko nyumba zote za nchi ile baada ya nyumba ya mfalme. Aliyemshinda hakuwa nalo pia. William aliitwa kwanza kwa lakabu ya Mwanaharamu, kwa kuwa baba yake Robert hakumwoa mama yake, kisha kwa lakabu ya Mshindi, na katika lakabu hizo mbili hakuna hata moja iliyorithiwa na wanawe. Walioanza kurithishana majina walikuwa makabaila wachache wa Normandy, nao walikuwa wameanza karibuni tu kabla ya kuvuka bahari, kwa kujinasibisha na mahali walipopashika: Percy na Montgomery yalikuwa majina ya mahali kabla hayajawa majina ya watu.

Kilichowasukuma kilikuwa ardhi. Nchi ilikuwa imetekwa na kugawanywa, na mwaka 1086, kwa amri ya William, mashamba na wenye mashamba wakaandikwa katika daftari, na mtu aliyetaka mwanawe arithi shamba alilolipata kwa upanga alihitaji jina lililoshikamana na shamba lile, ili asitokee wa kumwuliza mwana huyo haki yake imetoka wapi. Wakulima waliolima mashamba hayo walikaa karne mbili na zaidi wakiitwa kwa kazi zao, au kwa baba zao, au kwa sura zao, na majina yakibadilika kila kizazi. Na yalipotulia, katika karne ya 13 na ya 14, mkono wa dola haukuwa mbali, maana kodi ya kichwa iliyotozwa miaka ya 1377, 1379 na 1381 ilitaka watu waandikwe mmoja mmoja. Hata baada ya hapo, Wales, iliyo kisiwa kimoja na Uingereza, iliendelea kwa karne kadhaa kumwita mtu mwana wa fulani, na fulani mwana wa fulani. Watu wa Iceland hufanya hivyo mpaka leo kwa sehemu kubwa: mwana huchukua jina la kwanza la baba yake, na mjukuu huchukua jina jingine, wala sijasikia mtu akisema kwamba Iceland ni nchi isiyojua raia wake.

Basi desturi tunayoambiwa ni kipimo cha ustaarabu ilizaliwa kwa ushindi wa vita, ikalelewa na hofu ya kunyang'anywa ardhi, ikakomaa katika daftari la kodi. Sisi nasi tulianza kuandikwa hivyo tulipoletewa kodi ya nyumba mwanzoni mwa karne ya 20, ambapo mwenye nyumba aliandikwa jina, na waliolala ndani ya nyumba wakahesabiwa chini yake. Kuna na jambo la pili la Kinormani tulilolipokea bila kulijua. Wazee wetu walipobatizwa waliambiwa wachague majina ya Kikristo, wakachagua William, Robert, Richard, Henry na Geoffrey, na mpaka leo wako wazazi wanaoamini kwamba majina hayo yametoka katika Biblia. Hayamo. Ni majina ambayo Wanormani walikuja nayo Uingereza, na baada ya mwaka 1066 yakayafukuza majina ya wenyeji kama Godwin na Wulfnoth, kwa kuwa watawaliwa walipenda kuwaita watoto wao kwa majina ya watawala. Waingereza walioshindwa walifanya katika karne ya 12 jambo lile lile tunaloshauriwa kulifanya leo kana kwamba ni jipya.

Hoja ya pili: nasaba iliyo dhahiri

Hapa ndipo penye moyo wa rai yao, nami nitakaa hapa zaidi. Wanasema jina likipita kwa baba hata mwana pasipo kukatika, damu nayo hujulikana pasipo kukatika. Tulitazame jina la Speke.

Asili yake inanasibishwa na neno la Kifaransa cha kale lenye maana ya ndege kigogota. Lilikuwa lakabu, na makarani waliliandika kila mmoja kwa sikio lake, Espec, le Espek, hata likatulia kuwa Speke. Mwenye jina hilo aliyesifika mapema ni Walter Espec, bwana wa Helmsley katika Yorkshire, aliyeijenga nyumba ya watawa ya Rievaulx mwaka 1132, na mwaka 1138 akawa miongoni mwa majemadari waliowashinda Waskoti katika Vita vya Bendera. Abate Aelred wa Rievaulx amemweleza kuwa alikuwa pande la mtu, mwenye nywele nyeusi na ndevu ndefu. Walter huyo hakuacha mtoto wa kumrithi. Mali yake iligawanywa kwa dada zake watatu, ikaingia katika nyumba za waume zao, na lile jina halikuifuata mali. Ijapokuwa hivyo, wako waandishi wa nasaba waliopenda kuwaunganisha Speke wa Devon na Somerset, ambao ndio mababu wa msafiri wetu, na shujaa huyo wa Yorkshire, kwa ushahidi wa jina tu. Mtu asiye na mzao amepewa wazao na karatasi.

Nyumba ya Devon huanza kuonekana katika zama za Mfalme Henry wa Pili, na kijiji cha Brampford Speke, kando ya Mto Exe, kimechukua jina lake. Katika karne ya 15 John Speke alimwoa Joan, mrithi wa nyumba ya Keynes ya Dowlish Wake katika Somerset, na kwa ndoa hiyo kijiji kile kikaingia mikononi mwa Speke. Keynes nalo ni jina la Kinormani. Na neno Wake, lililomo katika jina la kijiji, ni la nyumba nyingine yenye asili hiyo iliyokimiliki kabla ya Keynes. Katika kanisa la kijiji hicho ndipo alipozikwa mwaka 1864 yule aliyefika Jinja. Msomaji na alifikiri kaburi hilo: ardhi yenye majina ya nyumba tatu, ambayo nyumba ya mwisho iliipata kwa mwanamke ambaye jina lake la kuzaliwa halikudumu kwa mtoto wake hata mmoja. Tunaambiwa jina la kurithi huonyesha mali ilitoka wapi. Katika Dowlish Wake limeficha.

Limeficha tena katika jina la msafiri mwenyewe. Hanning, lile la katikati, ni la upande wa mama yake, Georgina Hanning. Wazazi wake waliona kwamba mtoto ana pande mbili, na kwa kuwa desturi yao iliruhusu upande mmoja tu kuwa jina, wakautia ule wa pili katikati, mahali ambapo kizazi kinachofuata hulitupa. Ukimwuliza mtoto wa Kisoga ukoo wa mama yake, na ukoo ule ambao hawezi kuoa kwa sababu ya bibi yake, atakujibu kabla hujamaliza kuuliza.

Kuna na mfano mkubwa kuliko huo. Percy ni katika majina ya Kinormani yanayosifiwa kuliko yote, nayo ni nyumba ya Maduke wa Northumberland. Katika karne ya 12 mrithi wake alikuwa mwanamke, Agnes de Percy, akaolewa na Joscelin wa Louvain, na watoto wakachukua jina la mama kwa sababu ndilo lililokuwa na ardhi. Karne sita baadaye mrithi alikuwa mwanamke tena, akaolewa na Hugh Smithson, naye mwaka 1750 akaliacha jina la baba yake kwa sheria ya Bunge, akajiita Percy, na mwaka 1766 akafanywa Duke. Tangu hapo kila Percy wa nyumba ile ni mzao wa Smithson kwa upande wa baba. Na nyumba ya kifalme yenyewe, iliyokuwa na jina la Kijerumani la Saxe-Coburg na Gotha, ilijipa jina la Windsor tarehe 17 Julai 1917, wakati wa vita na Wajerumani. Sisemi walikosa. Kila nyumba ina haki ya kujipa jina ilitakalo. Nasema kwamba mtu hawezi kushika mkononi mambo haya na wakati huo huo kutuambia kwamba jina la kurithi ni ushahidi wa damu isiyokatika.

Tena jina la namna hii huwaita waongo. Orodha iliyodaiwa kuwa ni ya waliopigana upande wa William pale Hastings, iliyohifadhiwa na watawa wa Battle, imetufikia kwa nakala za karne nyingi baadaye tu, na imejaa majina yaliyoingizwa ili kuzipendeza nyumba zilizotaka mababu. Ilhali wale ambao maandiko ya wakati wao yanawathibitisha kwa majina kuwa walikuwapo ni wachache mno. Mahali jina linapofungua mlango wa heshima na mali, patakuwapo daima mtu wa kulighushi.

Kisha iko gharama ambayo sijasikia mtu akiitaja katika mikutano ya wazazi. Mwaka 1685, baada ya maasi ya Duke wa Monmouth kushindwa, Charles Speke alinyongwa katika soko la Ilminster, karibu na nyumbani kwao. Inasimuliwa kwamba kosa lake halikuzidi kumpa Duke mkono alipopita, na kwamba hakimu aliambiwa mkosaji hasa ni ndugu yake John, aliyekwisha kukimbia, akajibu kuwa nyumba ile inadaiwa roho moja. Sisi watu wa Uganda, tulioziona zama ambazo mtu aliweza kuchukuliwa usiku kwa sababu ya jina lake, hatuna haja ya kufafanuliwa maana ya nyumba nzima kuwa na jina moja katika daftari la mwenye bunduki.

Hoja ya tatu: kumbukumbu

Wanasema jina la kurithi humfanya mtu akumbukwe. Speke hakuoa wala hakuzaa. Alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe katika Wiltshire akiwa na umri wa miaka 37. Jina lake liko katika mnara wa Njeru, katika mlima wa Ruwenzori, katika ghuba ya ziwa upande wa Mwanza, na wala halikufikishwa huko na mwana. Limefikishwa na safari, na kitabu alichokiandika, na dola iliyokuja nyuma yake. Maporomoko yale aliyapa jina la Ripon, kwa heshima ya kabaila wa Chama cha Jiografia cha London ambaye hakuyaona, ijapokuwa yeye mwenyewe aliandika kwamba wenyeji wana neno lao la kuyaitia, nalo ni mawe. Na mji ulio juu yake unaitwa Jinja kwa maana hiyo hiyo hata leo. Maporomoko ya Ripon yalizama bwawa la Owen lilipofunguliwa mwaka 1954. Jina la wenyeji halikuzama.

Na mkalimani wake katika safari ile, Sidi Mubarak Bombay, alikuwa Myao aliyekamatwa utotoni akauzwa Bara Hindi, akarudi Afrika akiwa huru na jina la mji mgeni mahali pa jina la wazazi wake. Amevuka bara hili mara nyingi kuliko Speke. Kumbukumbu hupewa mtu na wenye kalamu, na kuwabatiza wajukuu wetu wote kwa jina moja hakutatupa kalamu.

Hoja ya nne: kwamba kwetu hakuna utaratibu

Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote, maana husemwa na watu waliozaliwa ndani ya utaratibu huo. Kwa Wasoga mtoto ni wa ukoo wa baba yake, na ukoo una mwiko wake na hazina yake ya majina, majina ya waliotangulia, ambayo hupewa watoto mmoja mmoja ili wafu wapate wa kuitwa kwa majina yao. Msichana akiitwa Nangobi, kila mzee wa Busoga ajua kwamba ni binti wa ukoo wa Baise Ngobi, na kijana wa Baise Ngobi ajua kwamba huyo ni dada yake ingawa hajapata kumwona, wala hawezi kumposa. Jina moja limekwisha kusema jinsia, ukoo, na ndoa iliyo haramu. Neno Speke halisemi hata moja katika matatu hayo.

Yako na majina yatolewayo na tukio. Mapacha wa kiume ni Waiswa na Tenywa, wa kike ni Babirye na Nakato, na anayewafuata ni Kiiza. Zaidi ya hayo baba mwenyewe hupata jina kwa ajili ya watoto, akaitwa Isabirye, na mama Nabirye. Kwetu heshima ya jina yaweza kupanda kutoka kwa mtoto kwenda kwa mzazi. Kwa Wagisu, na kwa ndugu zao Wabukusu walio upande wa Kenya wa Mlima Elgon, aliyezaliwa wakati wa mvua ni Wafula akiwa mwanamume na Nafula akiwa mwanamke. Aliyezaliwa wakati wa njaa ni Wanzala au Nanzala.

Sasa tulete desturi ya Kinormani juu ya majina haya. Nilikuwapo hapa Wanyange siku baba mmoja alipowaleta wanawe watatu kuwaandikisha shule: mvulana aliyeitwa kwa jina la babu wa ukoo, na mabinti wawili mapacha. Mwandikishaji aliuliza jina la nyumba. Baba akasema watu humwita Isabirye. Basi watoto wote watatu wakaandikwa Isabirye, kila mmoja na jina lake la ubatizo, na majina waliyokuja nayo yakaachwa nje ya karatasi, hata msichana wa miaka sita, ambaye ni Nakato wa watu, akatoka pale akiwa ameandikwa kuwa baba wa mapacha. Mama yao aliuliza kama haiwezekani kuandika Babirye na Nakato. Aliambiwa kwamba hayo ni majina ya nyumbani. Nimewaona wengine wa namna hiyo katika orodha za mitihani: mabinti waitwao Wafula, ambao lugha ya mama yao ina Nafula tayari, vijana waitwao Waiswa ambao hawajapata kuwa na pacha, wala baba zao hawakuwa naye, ila babu. Kizazi kimoja zaidi na neno Waiswa litakuwa limekwisha kumaanisha chochote, kama kigogota kilivyokwisha katika Speke. Ndipo mwana wa Waiswa atakapokuwa hana jina lake, wala baba yake hatakuwa nalo.

Na isidhaniwe kwamba wakubwa wetu walikosa urithi kwa kukosa jina moja. Ezekiel Tenywa Wako alifanywa Kyabazinga, yaani mtawala wa jadi wa Busoga, mwaka 1939. Mwanawe Henry Wako Muloki hakuitwa Tenywa, wala hapakuwa na mtu aliyemwuliza nasaba yake. Aliketi katika kiti hicho, na kilipofufuliwa mwaka 1995 akawekwa tena. Watu walimjua kwa ukoo wake, kwa ushuhuda wa wazee, na kwa desturi ya kumweka mrithi mbele ya jamaa wote wakati wa kumaliza matanga. Ushuhuda wa watu mia waliosimama uani ni mgumu kughushi kuliko orodha ya watawa.

Wala sisi na Waingereza hatuko peke yetu duniani. Pwani, na kwa Waislamu wa Jinja na Mbale, mtu hutajwa kwa jina lake, la baba yake na la babu yake. Hamed bin Muhammed bin Juma bin Rajab el-Murjebi, aliyejulikana zaidi kwa lakabu ya Tippu Tip, anatupa katika jina lake vizazi vinne na kabila yake. Na mwanawe akiandikwa, jina la Hamed huingia mahali pa baba, na yale ya mbele hurudi nyuma hatua moja. Mnyororo huo unasema juu ya nasaba mambo ambayo jina moja lililoganda haliwezi kuyasema, na hakuna aliyediriki kuuita ushenzi.

Hoja ya tano: umoja wa mume na mke

Wanasema mke akichukua jina la mume nyumba huwa moja. Katika Uingereza sharti hilo lilikwenda sambamba na sheria iliyomhesabu mke kuwa hana nafsi yake mbele ya mahakama: fedha yake ikawa ya mume, na mshahara wake ukawa wa mume, mpaka sheria za mwaka 1870 na 1882 zilipoanza kumrudishia. Jina lilikuwa muhuri wa hali hiyo. Mwanamke wa Kisoga aolewapo hauachi ukoo wake. Hubaki binti wa Baise fulani mpaka kufa, na ndugu zake wana haki ya kuja kuuliza anavyotunzwa. Bibi zetu walianza kuitwa kwa majina ya waume zao katika nyumba za misheni na shule, na sasa kuna mabinti wenye shahada za chuo kikuu wanaoona aibu kuandika Nangobi katika kadi ya harusi. Ndugu zetu wakaao Kanada na waulize habari za Quebec, ambako tangu mwaka 1981 sheria yenyewe humtaka mke abaki na jina alilozaliwa nalo. Hispania nako mke hubaki na majina yake, na mtoto huchukua la baba na la mama.

Hoja ya sita: makaratasi

Imebaki hoja iliyo na uzito wa kweli, nayo ni ya vyeti. Fomu zetu za kitambulisho zina nafasi ya jina la kurithi na nafasi ya majina mengine, na mgeni wa uwanja wa ndege hutazama nafasi ya kwanza. Lakini fomu inataka jina liandikwe mahali pale. Haitaki liwe la baba. Nakato aweza kuandikwa pale, na Nangobi, na Wanzala. Anayemtambulisha raia wa Uganda leo ni namba yake ya taifa, yenye herufi na tarakimu 14, pamoja na alama za vidole vyake. Maelfu ya watu huitwa Waiswa. Namba yake hana mwingine. Karani anayesema kwamba hawezi kumjua mtoto pasipo jina la baba amesahau kwamba cheti cha kuzaliwa kina mahali pa baba na mahali pa mama, na vyote viwili hujazwa mbele yake.

Kwa mzazi anayesafiri, basi, chombo cha kumtetea ni cheti hicho, naye akibebe pamoja na pasi, hasa akisafiri na mtoto peke yake, kwa kuwa hata Mwingereza ambaye mtoto wake ana jina la mzazi mwenziwe huulizwa swali lile lile mpakani, na cheti kile kile humtoa mashakani. Wala asiogope kwamba nchi aiendeayo itamkatalia. Sheria ya Uingereza haimlazimishi mzazi kumpa mtoto jina la baba. Huandikishwa jina walitakalo wazazi, liwe la baba, la mama, au jipya kabisa. Mke halazimishwi kuliacha lake. Mtu mzima aweza kulibadili kwa hati anayoitia sahihi mbele ya mashahidi. Mzazi wa Kisoga au wa Kigisu aliyejifungulia London, akitaka mtoto wake aandikwe Babirye au Nafula kwa ukamilifu wake, msajili wa kule ataandika, na wa Jinja na wa Mbale hawana hoja ya kukataa.